Giza la vita kwa Kiswahili tuliite nini? Mgao siyo, na "kuzima taa" nayo hainikai

MwalimuWaKihesa (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu.

Nafundisha Historia kidato cha nne hapa Iringa. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Vita Kuu ya Pili, tumefika pale miji ya Uingereza inaposhambuliwa kwa ndege, na kitabuni kuna neno la Kiingereza blakauti (blackout). Binti mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe hata London walikuwa na mgao?"

Darasa halikucheka. Hapo ndipo nilipostuka, maana wote walikuwa wameelewa hivyohivyo. Kwao blakauti ni umeme kukatika: mtaa mzima unaguna, unapapasa simu uwashe tochi, halafu unakaa kusubiri watoto wapige kelele kwamba umerudi. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, nikajikuta nasema "serikali iliamuru watu wazime taa". Sentensi haijaisha mdomoni nikajua nimewapotosha. Watu wa London hawakuzima taa. Nimelala na jambo hili siku tatu, ndiyo maana nimelileta hapa.

Ilivyokuwa ni hivi. Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita, amri ilianza kazi: tangu jua kuzama hadi kuchomoza, mwanga wa nyumba usionekane nje. Taa za barabarani zilizimwa kweli, hilo sibishi. Ila ndani ya nyumba watu walipika, walisoma magazeti, walipiga pasi, na taa zikiwaka. Kazi yote ilikuwa dirishani. Wengine walishona mapazia ya kitambaa cheusi kizito, wengine walitengeneza fremu za mbao zilizogongelewa karatasi nene, unaipachika jioni na kuitoa asubuhi, kila siku, miaka mitano. Waliochoka walipaka vioo rangi nyeusi wakakubali kukaa gizani hata mchana. Usiku walinzi wa raia walizunguka mtaani. Wakiona ufa wa mwanga wenye upana wa kidole wanagonga mlango, na mwenye nyumba anaweza kuishia mahakamani kulipa faini.

Nje nako palikuwa na mambo yake. Taa ya gari ilivalishwa kifuniko chenye mianya myembamba, mwanga ukawa unamwagika chini, hatua chache tu mbele ya tairi. Tochi ilizungushiwa karatasi laini. Kingo za barabara, nguzo na vigogo vya miti vikapakwa rangi nyeupe ili mtu asivigonge, na watu wakahimizwa kuvaa au kushika kitu cheupe. Bado walikufa. Septemba 1938 ajali za barabarani Uingereza ziliua watu 544. Septemba 1939, mwezi wa kwanza wa giza, ziliua 1,130. Na hapo mashambulizi makubwa ya ndege juu ya London yalikuwa yamebakiza mwaka mzima kuanza.

Sasa tuje kwenye maneno, maana Kiingereza chenyewe kina matatu na sisi yote tunayatupia "giza".

La kwanza ndiyo hiyo blakauti. Lilitoka kwenye jukwaa la maigizo: taa za jukwaani zinakatwa ghafla, onyesho linakwisha au vyombo vinahamishwa watazamaji wasione. Vita ikalichukua. Siku hizi linatumika pia kwa mtu kupoteza fahamu, kwa habari kuzuiwa zisitangazwe, na kwa umeme kukatika. Mwanafunzi wangu alikutana na maana ya mwisho, hana kosa.

La pili ni dimauti (dim-out). Hapa mwanga unaruhusiwa ila unafifishwa. Uingereza ilihamia huko Septemba 1944, tishio la ndege lilipopungua: mitaani ikaruhusiwa taa isiyozidi mwanga wa mbalamwezi. Marekani walilifikia kwa njia nyingine kabisa. Januari 1942 nyambizi za Ujerumani zilianza kuwinda meli pwani ya mashariki ya Marekani. Miji ya pwani ilikuwa inang'aa kama hakuna vita. Nyambizi ikikaa upande wa bahari kuu, meli ya mafuta inayopita katikati inaonekana nyeusi tii mbele ya mng'ao wa mji, kama mtu aliyesimama mlangoni na taa nyuma yake. Mabaharia walikufa kwa sababu ya mabango ya maduka. Ndipo jeshi likaamuru mwanga wa pwani upunguzwe, na mwaka huohuo hata mabango maarufu ya New York yakazimwa. Adui huyu hakuhitaji dirisha lako wewe mmoja. Ule mwanga wa mji mzima uliopanda angani ndio uliomfaa.

La tatu ni braunauti (brown-out), na hili ndilo linalochanganya zaidi. Australia mwaka 1942 walilitumia kwa miji kama Melbourne iliyopunguza taa kwa kuhofia Wajapani. Marekani walilitumia Februari 1945, na sababu haikuwa ndege wala nyambizi. Ilikuwa makaa ya mawe. Mabango na taa za madirisha ya maduka vilizimwa ili makaa yatoshe viwandani, na amri ikaondolewa Mei vita ya Ulaya ilipokwisha. Baada ya vita neno likahamia kwa mafundi: sasa ni ule umeme mdogo, taa inawaka nyekundu kama kibatari na friji inanguruma bila kupooza kitu. Ukienda Ufilipino wanalitumia kwa umeme kukatika kabisa.

Ukiyapanga unaona kila agizo lilikuwa na mtu wake na sababu yake. La kwanza linamficha mwenye nyumba asionwe na rubani. La pili linapunguza mng'ao nyuma ya meli. La tatu linaweka akiba. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba tusitafsiri kwa kuangalia giza lilikuwa nene kiasi gani. Tutafsiri kwa kuangalia giza liliwekwa kwa ajili gani. Napendekeza hivi: la kwanza *kusitiri taa*, la pili *kufifisha taa*, la tatu *kubana taa*, kama tunavyobana matumizi.

Kusitiri nimelichagua kwa makusudi. Kinachositiriwa bado kipo, hakijauawa. Na sitara ina ulinzi ndani yake.

Naomba mnikosoe. Jumatatu narudi darasani.

---

Mlima_Loleza

Mwalimu, uzi mzuri, nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye foleni Mafiat hapa Mbeya. Ila napingana nawe kwenye hitimisho.

Kiswahili kina neno tayari: kuzima taa. Ukisema "wakati wa vita ya Kagera watu walizima taa", Mtanzania yeyote anaelewa ni kwa ajili ya ndege, hakuna atakayefikiri ni mgao. Muktadha unafanya kazi. Tukianza kutenga neno kwa kila hali tutapata msamiati wa kamusi usiotamkwa na mtu. Na "kusitiri" watu wanalijua kwenye nguo na kwenye kumzika marehemu. Mwambie mtoto wa Uyole "sitiri taa" uone atakavyokutazama.

---

Mfasiri_Forest

Mimi nipo na mwalimu, na sababu naileta kutoka lugha nyingine, maana kazi yangu ndiyo hiyo hapa Mbeya.

Warusi na Waukraine neno lao la jambo hili, ukilifungua, maana yake ni "kuufunika mwanga barakoa", kuuficha kama askari anavyojificha kwa majani. Linatumika mpaka leo, Ukraine wamelihitaji tena tangu Februari 2022. Wajapani walisema "udhibiti wa taa". Wajerumani walisema "kutia giza". Utaona hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetumia kitenzi cha kuzima. Kwa hiyo Mlima_Loleza, hili si la kujitafutia ugumu, wenzetu nao waliona kuzima hakutoshi.

Lililonigusa zaidi ni neno la Kifaransa la amri ya kutotoka nje. Ukilivunja linasema "funika moto". Zamani za kati kengele ililia jioni, kila nyumba ifunike moto wake kabla ya kulala, maana miji ilikuwa ya mbao na cheche moja iliweza kuimaliza. Waingereza wakalichukua, likabadilika matamshi, na leo linataja askari barabarani na watu kufungiwa ndani. Moto umesahaulika kabisa. Kwa hiyo amri ya usiku ya Ulaya ilianzia jikoni, mekoni penye majivu.

---

Kipengere_Baridi

Hapo kwenye kufunika moto umenirudisha kwa bibi yangu Makete.

Kila usiku, tukishakula, alisogeza vigogo pembeni, akachagua kaa moja kubwa la mti mgumu, akalilaza katikati ya mafiga na kulifukia kwa majivu kwa kiganja, taratibu, kama anafunika mtoto. Chumba kinaingia giza palepale. Saa kumi na moja alfajiri, nje umande umeganda mweupe kwenye majani, anafukua, anapuliza mara mbili tatu na moto upo. Hatukuwahi kusema bibi amezima moto. Kuzima moto kulikuwa aibu, unaenda kuomba kwa jirani.

Sijui kama inasaidia, ila kwetu tofauti ya kuzima na kufukia ni kubwa sana.

---

Fundi_Iyunga

Kwa upande wa ufundi naomba nisahihishe jambo dogo ili wanafunzi wasichanganywe tena. Mgao ni kukata laini nzima makusudi kwa zamu, kwa sababu umeme unaozalishwa hautoshi. Umeme mdogo ni msongo kushuka, waya bado una umeme ila hauna nguvu. Hitilafu ni kukatika bila mtu kupanga. Yote matatu yanatokea upande wa mtambo na nyaya. Haya ya mwalimu yanatokea upande wa mwenye nyumba, mkono wake ndio unaofanya kazi. Hiyo peke yake inatosha kuyatenga.

Kuhusu "kubana taa" naunga mkono, mafundi tutalielewa bila kuelezwa.

---

Mlima_Loleza

Sawa, nimesikia. Ila naomba mtu anijibu hili: hilo giza lilisaidia kweli? Kama halikusaidia, basi "kusitiri" ni neno la sifa tu tunalipa jambo lisilostahili. Nimesoma kwamba Coventry ilichomwa usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 na mbalamwezi ilikuwa inawaka, na ndege za Wajerumani zilifuata mawimbi ya redio. Pazia lingemzuia nani?

---

MwalimuWaKihesa

Swali zito hilo, na Coventry ni kweli kabisa. Mawimbi ya redio hayajali pazia, na mwezi mpevu marubani waliupenda kuliko taa yoyote. Mito, reli na mapaa vilionekana wazi.

Lakini angalia Uswisi. Nchi haikuwa vitani, ikaacha taa zake zikiwaka. Ndege za Uingereza zilizokuwa zikienda kushambulia Italia zikawa zinazitumia taa hizo kujua zimefika wapi. Ujerumani ikaibana Uswisi, na Novemba 1940 nchi nzima ikaingia gizani hadi Septemba 1944. Kama mwanga haungekuwa na faida kwa rubani, nani angehangaika na taa za nchi isiyopigana? Kwa hiyo nasema giza lilisaidia kwa kiasi. Lilimnyima rubani alama za njia, na halikumzuia aliyekuwa na mwezi au chombo. Neno linataja nia ya aliyefunga pazia, nalo linamtosha.

---

Aliyesoma_Ifunda

Natoka nje ya mada kidogo. Wengi hawajui kuwa vita hiyo ilileta watu wake hapa kwetu. Ifunda na Kidugala palikuwa na kambi za wakimbizi wa Poland, wanawake na watoto wengi, waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Iran mpaka wakafika Afrika Mashariki kuanzia 1942. Nikisoma haya ya taa nawafikiria wakiwa kwenye baridi yetu ile, chemli barazani, wako mbali na ndege zote. Mwalimu ukipata nafasi waambie wanafunzi, Ifunda haiko mbali na hapo.

---

Binti_Kirumba

Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari zenu. Nimesita kuandika kwa sababu sina elimu ya lugha, nauza vitambaa Mwanjelwa. Ila nimezaliwa Mwanza, na giza mnalolizungumzia nimelala ndani yake.

Ilikuwa 1979, niko darasa la pili. Vita na Idi Amin wa Uganda, hiyo ya Kagera, ilianza Oktoba ya mwaka uliotangulia, Mwalimu Nyerere akatangaza Novemba kwamba tutapigana. Tulikaa Kirumba, vyumba viwili, dirisha la mbele linatazama barabara. Jioni ikiingia balozi wa nyumba kumi anapita na mgambo mmoja. Mama alikuwa na blanketi la kijivu, zito, linakwaruza. Alilitundika kwenye misumari mitano juu ya fremu ya dirisha. Asubuhi analitoa, analikunja, na usiku unaofuata sisi hatuna blanketi la kujifunika kwa sababu lipo dirishani. Mwanza ina joto, hatukuteseka. Fremu ile ilibaki na matundu ya misumari miaka mingi, nikirudi likizo nayapapasa.

Taa ilikuwa chemli. Hakuizima. Alishusha utambi mpaka ukabaki mstari wa rangi ya chungwa, akaiweka sakafuni nyuma ya kabati. Baba alikuwa karani, alikuwa na baiskeli yenye taa ya dainamo. Alileta karatasi ya kaboni ya bluu kutoka kazini, ile ya kuweka kati ya karatasi za taipureta, akaizungushia kioo cha taa na kuifunga kwa uzi. Nilipenda rangi yake. Vidole vyake vilikuwa vya bluu siku nzima.

Tarehe 29 Machi ndege ya Libya ilikuja, ile Tupolev. Walikuwa wanamsaidia Amin. Inasemekana walilenga matangi ya mafuta, wakakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi, yakaua swala. Sisi watoto tuliwalilia wale swala kuliko tulivyoogopa, maana shule ilikuwa imewahi kutupeleka kwa mtumbwi kuwaona. Watu wazima walinyamaza. Blanketi usiku ule lilitundikwa kabla jua halijazama.

Sasa kuhusu neno. Kichwani mwangu nasikia "zimeni taa" kama alivyosema kaka Loleza, kwa sauti ya mgambo. Lakini nikikumbuka vizuri, mama hakuwa akizima. Kesho nampigia simu nimuulize yeye walisemaje. Bado yupo Kirumba, ana miaka 79, masikio mazima.

---

Mlima_Loleza

Dada Binti, asante sana. Subiri kumuuliza mama, mimi nimeshanyamaza.

---

MwalimuWaKihesa

Binti_Kirumba, shikamoo yako imenifika lakini ni mimi ninayepaswa kukuamkia kwa uliyoyaandika. Hiyo karatasi ya kaboni nimeisoma mara tatu. Waingereza kule na karatasi laini kwenye tochi, baba yako Mwanza na kaboni kwenye baiskeli, miaka arobaini katikati na hakuna aliyemwelekeza mwenzake. Naomba ruhusa niwasomee wanafunzi, bila jina.

---

Binti_Kirumba

Ruhusa umepewa mwalimu. Nimeongea na mama leo asubuhi kabla sijafungua duka.

Nilimuuliza: mama, wakati wa Amin, balozi alikuwa anasema nini kuhusu taa? Akasema, "Wa mgambo alisema zima. Sisi wanawake tulisema funika." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mdogo wako alikuwa na homa, nilikuwa nampa dawa kwa kijiko usiku. Nizime nione kijiko wapi? *Nimeshafunika*, ndivyo nilivyomjibu akigonga, na alikuwa anapita zake, akiona hakuna ufa haulizi."

Halafu akaniuliza nani anataka kujua mambo hayo. Nikamwambia mwalimu wa Iringa. Akasema nikusalimie.

---

Kipengere_Baridi

Funika. Neno la bibi.

---

Mfasiri_Forest

Mwalimu, kwenye maandishi ya kazi nitaandika *kusitiri taa*, kwa mfano "amri ya kusitiri taa ya 1939", maana linabeba sheria vizuri. Lakini kwenye mazungumzo ya watu, kwenye hadithi, kwenye manukuu ya filamu, naandika *funika taa*. Ila mgambo anayegonga dirisha London nitamwachia "zima taa hiyo". Maneno yake kwa Kiingereza ni ya kuzima, sawa na mgambo wa Mwanza. Atakayejibu kutoka ndani ndiye nitakayempa neno la mama.

---

MwalimuWaKihesa

Mrejesho wakuu. Kipindi kilikuwa cha pili, dakika arobaini.

Sikuanza na London. Nilibeba blanketi langu kutoka nyumbani na misumari mitano. Nikamwita yule binti wa benchi la mbele na kijana mmoja mrefu, wakalitundika kwenye dirisha la upande wa barabara. Nikafunga mlango, nikawasha tochi, nikawatuma wengine sita watoke nje wakachungulie kama wanaona ufa. Waliuona, kona ya chini kulia. Wakawa wanapiga kelele kutoka nje, "Mwalimu, kuna mwanga!", na wa ndani wanahangaika kuvuta pembe ya blanketi. Ilichukua dakika sita kuuziba.

Ndipo nikawasomea ya Kirumba, kisha ndiyo tukafungua kitabu. Ubaoni niliandika matatu: kufunika taa, na chini yake kwa mabano sitara, kufifisha taa, kubana taa. Pembeni, mbali, nikaandika mgao, nikauzungushia duara.

Yule binti akanyoosha mkono tena. Ameuliza kama mtoto mwenye homa alipona. Binti_Kirumba, nimemwambia nitakuuliza.

---

Binti_Kirumba

Alipona mwalimu. Ni dereva wa lori, yuko Tunduma leo anasubiri kuvuka. Nitampigia jioni nimwambie kuna mtoto wa Iringa amemuulizia.